Kabla Mtoto Hajaenda Saiba: Mwalimu na Mkutubi Wanapoandaa Mradi Pamoja

Mwanafunzi wa Gredi ya 8 anapoambiwa, "Andika ripoti ya kurasa kumi kuhusu mikoko, ilete Jumatatu," amepewa kazi isiyomdai kufikiri hata kidogo. Jumapili jioni anatumwa saiba pale Magongo au Chaani. Kijana wa kwenye kompyuta anaandika neno moja, ukurasa wa kwanza unaotokea unanakiliwa, picha mbili za rangi zinaongezwa, na mradi umekwisha kabla ya magharibi. Mwanafunzi hajasoma chochote. Wakati mwingine mzazi aliyesimama kando akingoja kulipa ndiye aliyesoma zaidi.

Gharama zake wazazi wa Port Reitz wanazijua. Ukurasa mmoja ukiwa shilingi 10, kurasa kumi ni shilingi 100 kabla ya kuhesabu picha za rangi, na mtoto wa sekondari msingi ana masomo tisa. Lakini kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwenye risiti. Chini ya Mtaala wa Umilisi (CBC), tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 huchangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho ya sekondari msingi, tathmini ya Gredi ya 6 (KPSEA) asilimia 20 nyingine, na mtihani wa Gredi ya 9 (KJSEA) asilimia 60. Kundi la kwanza lilifanya KJSEA mwaka 2025. Mtoto aliyezoea kununua miradi yake anaingia sekondari ya juu akiwa na alama alizozipata kwa mikono ya mtu mwingine, na huko ndiko atakakotakiwa kutafuta, kupima na kutetea majibu yake mwenyewe.

Ni rahisi kuwalaumu watoto kwa uvivu, au wenye saiba kwa biashara yao. Lawama nyingi zaidi zinastahili kuelekezwa kwenye swali lenyewe. Mwaka 2005 mtaalamu wa maktaba za shule wa Marekani, David Loertscher, pamoja na Carol Koechlin na Sandi Zwaan, walichapisha kitabu kizima kuhusu jambo hili. Mfano wao mkuu ulikuwa kazi ya ndege: kila mtoto anapewa ndege mmoja, anaandika rangi yake, chakula chake na makao yake, anabandika picha, anapata alama. Walitaka kazi za aina hiyo ziachwe, kwa sababu zinahamisha maneno kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine bila kupita kichwani mwa mtoto. Ukiweka mikoko mahali pa ndege, mradi wa Marekani na wa Changamwe ni ndugu.

Dawa yao ilikuwa mwalimu na mkutubi kuketi pamoja na kuutunga mradi upya, kila mmoja akileta anachokijua.

Mkutubi si mlinzi wa kabati

Katika shule nyingi za umma, neno "mkutubi" lina maana ya mwalimu aliyepewa ufunguo. Ana vipindi vyake kama wengine, na maktaba ni chumba cha vitabu vya kiada au kabati lililo katika ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu. Kazi yake ni kuhesabu vitabu vinavyotoka na vinavyorudi. Hiyo ni kazi ya lazima, maana vitabu vinapotea. Lakini mwongozo wa maktaba za shule uliotolewa na Shirikisho la Kimataifa la Vyama na Taasisi za Maktaba (IFLA), toleo la pili la mwaka 2015, unamweka mkutubi mahali pengine kabisa: ni mwenzake mwalimu katika kufundisha, hasa katika kuwafundisha wanafunzi kuuliza, kutafuta na kupima habari.

Sababu yake ni nyepesi. Mwalimu wa somo anajua mtoto anapaswa kufika wapi. Mkutubi anajua ni vyanzo gani vipo, vipi vinafikika, vipi ni vigumu kwa umri wa mtoto, na vipi vinapingana. Mradi mzuri unahitaji maarifa hayo yote mawili kabla haujatangazwa darasani. Mkutubi akiitwa baada ya mwalimu kwisha kutoa kazi, hana tena la kusaidia isipokuwa kuonyesha rafu.

Tuseme mwalimu wa Masomo ya Jamii anataka darasa lake liandike "Historia ya Port Reitz". Anampelekea mkutubi kichwa hicho. Mazungumzo yao yanaweza kuwa mafupi hivi:

"Mwalimu, unataka wajue nini ambacho leo hawakijui?"

"Wajue mahali wanapoishi palianzaje."

"Na hili jina lenyewe, wanajua lilitoka wapi?"

"Hata mimi, dada yangu, sina hakika."

Hapo ndipo mradi unapoanza.

Reitz alikuwa nani?

Mwezi Februari 1824, Kapteni William Fitzwilliam Owen wa jeshi la majini la Uingereza alitia nanga Mombasa na meli yake, Leven. Akina Mazrui waliokuwa wakiutawala mji walikuwa wakitishwa na Sayyid Said wa Oman, wakaomba ulinzi wa Waingereza. Owen alikubali bila kungoja idhini ya London, akamwacha afisa wake, Luteni John James Reitz, awe msimamizi. Reitz hakuumaliza mwaka huo. Alifariki miezi michache tu baadaye. Luteni James Emery alishika kazi hiyo hadi mwaka 1826, Waingereza walipoondoka. Jina la Reitz likabaki kwenye hori la bahari, kisha likapanda nchi kavu: mtaa, barabara, hospitali.

Ukimwambia mwanafunzi "eleza historia ya Port Reitz", ataiandika aya kama hiyo iliyo hapo juu, au ataikuta imeandikwa tayari. Programu ya akili unde itamwandikia kwa dakika moja. Mkutubi anayejua kazi yake ana kipimo cha haraka: analiandika swali kwenye intaneti jinsi lilivyo. Jibu likija zima katika ukurasa wa kwanza, swali linarudi kwa mwalimu.

Swali linaloweza kupita kipimo hicho ni kama hili: Reitz aliishi Mombasa kwa miezi tu, kwa nini jina lake ndilo lililobaki kwenye ramani, na wenyeji walipaitaje mahali hapa kabla yake? Nusu ya kwanza inamlazimu mwanafunzi kufikiri kuhusu nani huchora ramani. Nusu ya pili haiwezi kujibiwa saiba. Inamtuma kwa wazee, wakiwemo Wachangamwe, ambao pamoja na Wakilindini na Watangana ndio wanaounda Thelatha Taifa, miji mitatu ya Waswahili wa Mombasa.

Kisha mkutubi anatafuta vyanzo, na hapa ndipo ubora wa mradi unapoamuliwa. Owen mwenyewe aliandika kitabu cha safari zake kilichochapishwa London mwaka 1833. Upande wa pili, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891 hadi 1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika kwa Kiarabu historia ya utawala wa Mazrui wa Mombasa. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1995. Kuna pia mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyeishi siku zilezile, ambayo William Hichens aliyahariri na kuyachapisha mwaka 1940.

Vyanzo hivyo vitatu havilingani, na hilo ndilo somo. Owen alikuwepo, lakini alikuwa na sababu ya kuonyesha kuwa uamuzi wake ulikuwa wa busara, kwa vile wakubwa wake hawakuuridhia. Sheikh Al-Amin aliandika zaidi ya miaka sabini baada ya tukio, lakini alikuwa wa ukoo ule na alikuwa na kumbukumbu ambazo Owen hakuzisikia. Muyaka hakuandika historia. Alitunga mashairi yaliyobeba hisia za mji wake. Mwanafunzi wa Gredi ya 8 anaweza kabisa kuulizwa: hawa wawili wanakubaliana wapi, wanaachana wapi, na unadhani kwa nini?

Hatakiwi kupewa kitabu kizima. Kiingereza cha 1833 ni kigumu hata kwa mtu mzima. Mkutubi huchagua aya moja au mbili kwa kila upande, huandika maneno magumu pembeni pamoja na maana zake, na hutoa nakala sita za kutumiwa na makundi sita. Kazi hiyo inaweza kumchukua alasiri nzima. Mwalimu wa somo mwenye vipindi vyake vya wiki hawezi kuifanya peke yake, na haishangazi kwamba asipopata msaada hurudia "andika kurasa kumi".

Mikoko, lakini kwa kuhesabu

Mada ya mikoko haina ubaya. Hori la Port Reitz limezungukwa na mikoko, na watoto wanaiona kila siku wakivuka au wakienda pwani na wazazi wao. Ubaya ulikuwa "eleza umuhimu wa", maneno matatu yanayofungua mlango wa kunakili.

Vitabu vya sayansi ya pwani vinasema aina za mikoko hujipanga kwa mikanda: mlilana mbele kabisa upande wa bahari, mkoko wenyewe wenye mizizi ya magongo ukifuata, mkandaa nyuma yake, na mchu ukionekana zaidi karibu na nchi kavu ingawa huota mbele pia. Mwalimu wa Sayansi Jumuishi na mkutubi wanaweza kuugeuza ukweli huo uwe swali: je, ukingo wa hori letu unaufuata mpango huo wa vitabuni? Na miche midogo, ni ya aina gani na imeota wapi?

Sasa mtoto ana kazi. Anahitaji kamba ya kupima mraba wa mita 10 kwa mita 10, miraba mitatu kutoka majini kuelekea nchi kavu, na daftari la kuhesabia. Anahitaji kujua saa ya maji kupwa, na hapo mtoto wa mvuvi anakuwa mwalimu wa darasa, kwa sababu anaijua tofauti ya bamvua na maji mafu bila kufungua jedwali lolote. Anahitaji picha za majani za kulinganishia, ambazo mkutubi anazitafuta mapema. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI), iliyoundwa mwaka 1979, ina makao yake hapahapa Mombasa na imechapisha mengi kuhusu mikoko ya pwani yetu. Mkutubi anaweza kuomba machapisho mapema badala ya watoto arobaini kugonga mlango mmoja.

Matokeo yakitofautiana na kitabu, hilo si kosa la mtoto. Ajiulize kwa nini: ukataji, ujenzi, takataka, mafuta yaliyowahi kumwagika, au pengine alihesabu vibaya. Aende tena ahesabu.

Tahadhari mbili za mradi wa nje. Wanafunzi hawaingii mikokoni bila mtu mzima na bila kujua maji yanajaa saa ngapi. Na maeneo ya bandari na uwanja wa ndege yana ulinzi; picha hazipigwi huko bila ruhusa, hata kama ni za shule.

Wiki ya pili, mtoto anapokata tamaa

Carol Kuhlthau alikuwa mkutubi wa shule kabla ya kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani. Aliwafuatilia wanafunzi wa sekondari walipokuwa wakifanya utafiti, akaandika si tu walichofanya bali pia walivyojisikia. Aligundua jambo ambalo kila mwalimu amewahi kuliona bila kulipa jina. Mwanafunzi huanza na wasiwasi, huchangamka akishachagua mada, kisha katikati, anapoanza kusoma na kukuta habari zinapingana, moyo humshuka. Anachanganyikiwa. Anadhani yeye ndiye mjinga na wenzake wameelewa.

Hapo katikati ndipo watoto wetu wanapokimbilia saiba. Na hapo ndipo, kwa kawaida, hakuna mtu wa kuwasaidia, kwa sababu mwalimu alitoa kazi wiki ya kwanza na ataiona tena wiki ya nne.

Kwa hivyo mradi wa wiki nne unahitaji kikao wiki ya pili. Kundi linakuja maktaba na madaftari yao. Kila ukurasa wa daftari umegawanywa kwa mstari: kushoto, chanzo kimesema nini na ni chanzo gani, kulia, mimi nafikiri nini au sijaelewa nini. Mkutubi anasoma upande wa kulia. Ukiwa mtupu, mtoto ananakili. Ukiwa umejaa maswali, mtoto yuko sawa hata kama anahisi amepotea, na anahitaji kuambiwa hivyo. Dakika tano kwa kundi zinatosha.

Baadhi ya walimu wataona huu ni mzigo mpya juu ya mizigo ya zamani. Wana haki ya kusema hivyo. Lakini mwalimu anayesahihisha ripoti arobaini zinazofanana neno kwa neno naye anabeba mzigo, na huo haumletei hata faraja ya kuona mtoto amejifunza.

Alama ziende wapi

Pale ambapo Baraza la Kitaifa la Mitihani (KNEC) limetoa kazi na mwongozo wake wa kutuza, mwongozo huo ndio unaofuatwa. Yanayofuata yanahusu miradi ambayo shule inajitungia.

Ikiwa alama zote zinatolewa kwa ripoti ya mwisho, mtoto ataileta ripoti ya mwisho, kwa njia yoyote ile. Mradi wa alama 20 unaweza kugawanywa hivi: alama 8 kwa daftari na vyanzo, 6 kwa jinsi mwanafunzi alivyopima ushahidi na kufikia jibu, 4 kwa uandishi, na 2 kwa unadhifu. Jalada la rangi halina alama. Tangazo hilo moja, likitolewa darasani mapema, litaokoa pesa za wazazi wengi kuliko hotuba yoyote. Ripoti iliyoandikwa kwa mkono kwenye karatasi za mistari isipunguziwe kitu.

Nafasi ya "sikupata" iwepo pia. Mwanafunzi anayeandika kwamba aliwauliza wazee watatu jina la zamani la mahali, wawili wakataja jina moja na wa tatu akataja jingine, na bado hajui nani yuko sahihi, amefanya utafiti. Anayeandika jibu moja safi lisilo na chanzo hajafanya.

Kama shule haina mkutubi

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, elimu ya msingi na sekondari ni jukumu la serikali ya kitaifa, huku maktaba zikiwa katika orodha ya majukumu ya kaunti. Mtoto anayetafuta kitabu hausikii mpaka huo, na hana haja ya kuusikia. Shule isiyo na mkutubi inaweza kumteua mwalimu mmoja anayependa kusoma, ikampunguzia vipindi viwili kwa wiki, na kumpa kazi moja tu ya kuanzia: kukaa na mwalimu mmoja wa somo moja na kutunga mradi mmoja kwa muhula. Mradi huo ukikamilika, maswali, nakala za aya na orodha ya vyanzo huhifadhiwa kwenye faili ili mwalimu wa mwaka ujao asianze upya. Shule jirani zinaweza kubadilishana faili hizo.

Maktaba ya Huduma ya Maktaba za Kitaifa (KNLS) iko mjini Mombasa, na wakutubi wake wamesomea kazi hiyo. Mwalimu akienda kabla ya kutoa mradi na kuwaeleza swali lake, watamwonyesha vilivyopo. Wanafunzi thelathini wakifika bila taarifa Jumamosi ya mwisho, kila mmoja ataondoka na nusu ya ukurasa. Vifaa vya kidijitali vya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) vinapatikana bila malipo kwenye Kenya Education Cloud. Na Mombasa si ngeni kwa maktaba: chumba cha kusomea cha Seif bin Salim kilianzishwa hapa mwaka 1903, miaka 28 kabla ya Maktaba ya McMillan kufunguliwa Nairobi.

Mzazi naye ana nafasi yake, na haigharimu kitu. Mtoto akisema amepewa mradi, aulizwe swali lake ni lipi. Akijibu kwa neno moja, "mikoko" au "historia", bado hana swali, na mzazi anaweza kumwandikia mwalimu ujumbe mfupi wa heshima kuuliza darasa linatafuta jibu la nini hasa.

Huenda mzazi au babu mwenyewe akawa chanzo. Mwanafunzi anapokwenda kumhoji mzee, abishe hodi, aamkie, ajitambulishe jina na shule, aeleze maelezo yatatumika wapi, na aombe ruhusa ya kuandika. Mzee akikataa, ashukuriwe na aachwe. Akikubali, mwanafunzi aandike jina analoridhia litumike, umri wake kwa makadirio, mtaa anaoishi na tangu lini, tarehe ya mazungumzo, na maneno yake kama alivyoyasema. Kisha amsomee alichoandika kabla ya kuondoka, ili kilichokosewa kisahihishwe palepale barazani.